Duka kufunguliwa alfajiri ya Ijumaa: sikukuu inabaki ya nani?

Mama Nuru (Columbus, Ohio)
Ndugu zangu, naleta swali na naomba tujibizane kwa hoja. Wengi wenu mnakumbuka tulikotoka. Kuanzia 2011 maduka makubwa hapa Marekani yalianza kuila Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, Thanksgiving, kidogo kidogo. Mwaka huo Walmart walianza punguzo lao saa nne usiku, mwaka uliofuata saa mbili usiku, 2013 ikawa saa kumi na mbili jioni, watu bado wako mezani. Ikaja korona, 2020 wakafunga siku nzima, na 2021 Target wakatangaza kwamba Alhamisi hiyo hawafungui tena. Watu wakashangilia, familia imeshinda.

Mimi nasema haijashinda. Dukani kwetu mlango unafunguliwa saa kumi na moja alfajiri ya Ijumaa inayofuata, ile ya punguzo wanayoiita Black Friday, na sisi tunaopanga bidhaa tunatakiwa ndani saa nane usiku. Mwaka jana nilipika pilau tangu asubuhi, mashemeji wakaja na watoto wao kutoka Cincinnati. Saa kumi na mbili jioni nikaaga, nikaingia chumbani kulala. Nasikia vijiko na vicheko sebuleni, usingizi hauji. Mwanangu wa miaka sita akafungua mlango, akanigusa paji la uso kwa kiganja, kama ninavyomgusa yeye akiwa na homa. Akaniuliza, "Mama, unaumwa?"

Sasa nauliza: sheria ikataze maduka kufunguliwa kabla ya saa nne asubuhi Ijumaa ile, ndiyo au hapana?

Boksi Houston
Hapana. Dada Mama Nuru, pole sana na nakuheshimu, lakini hapana. Nabeba boksi hapa mwaka wa kumi na moja, na wiki ile ndiyo inayolipa ada ya mdogo wangu aliyeko chuo. Mkifunga mpaka saa nne mimi napoteza saa nane za malipo na hakuna mbunge atakayenirudishia. Halafu nani alikulazimisha? Kwetu kuna karatasi ukutani, mtu anaandika jina lake mwenyewe. Anayetaka kulala alale, anayetafuta aachwe atafute.

Mama Nuru
Hilo la "nani alikulazimisha" limenichoma, tuanze nalo. Karatasi ya kwetu imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya meneja. Ukipita bila kuandika, anakuona. Hakwambii kitu. Januari ratiba inatoka, wewe uliyekuwa na saa thelathini na tano kwa wiki unajikuta na kumi na mbili. Ilimkuta mwenzangu wa upande wa viatu. Hiyo ndiyo hiari yako?

Papa Bukavu (Portland, Maine)
Huku kwetu sheria iko. Maine, Massachusetts na Rhode Island, duka kubwa halifunguke siku ya Thanksgiving. Basi watu wanatusifu. Lakini bibi yangu anafanya kazi mu depo ya vitu vya intaneti, na intaneti haina mulango wa kufunga. Watu wanakula dindon, ule bata mzinga wao, wanashika simu, wanabonyeza. Bibi anaingia jioni ile ile, anatoka asubuhi, miguu imevimba, viatu namuvua mimi. Sheria ya duka haimuone yeye. Njo vile mambo yako.

Mdau Tabata (Dar)
Nimesoma hapo juu mara mbili nikidhani nimekosea. Bibi yako? Bibi anasimama ghalani usiku kucha, miguu inavimba, na wewe kijana wa kiume upo tu unamvua viatu? Hayo ndiyo maisha mliyoyakimbilia? Huku kwetu bibi anakaa barazani, wajukuu wanapita kumwamkia. Watu mmepotea kabisa.

Papa Bukavu
Bibi ni MUKE wangu! Ana myaka 34! Nyanya yangu alishakufa kule Kivu, Mungu amuweke pazuri, na usimuingize tena mu mazungumuzo haya.

Nyaboke Atlanta
Hata Kenya bibi ni mke. Mdau, Kiswahili si cha Tabata peke yake. Uliza kwanza, ndio ukasirike.

Mdau Tabata
Nimeelewa, niwie radhi ndugu yangu wa Bukavu. Lakini bado nasema, hata mke hapaswi kuwa nje usiku ule.

Nyaboke Atlanta
Kwa hiyo mume ndiye anapaswa kuwa nje? Mimi ni nesi. Usiku ule niko wodini na sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini hospitali haijafungwa. Usianze na wanawake hapa.

Boksi Houston
Nyaboke amesema kweli. Hospitali, kituo cha mafuta, mabasi, vyote viko kazini. Kwa nini duka tu ndilo linaitwa adui wa familia?

Mama Nuru
Kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kusubiri televisheni ya bei nafuu mpaka saa nne asubuhi. Mgonjwa hasubiri. Televisheni inasubiri.

Binti Makunduchi (Minneapolis)
Naomba niseme lililo moyoni, na msinielewe vibaya. Idi iliyopita nilimwomba meneja wangu siku moja. Akauliza tarehe ngapi. Nikamwambia inategemea mwezi kuandama. Akasema, rudi ukishajua. Mwezi umeonekana usiku, asubuhi mimi niko kwenye kaunta. Nilivaa gauni langu jipya la Idi ndani ya sare ya duka, joto, limenibana mabegani, nikakaa nalo mpaka saa tisa mchana. Hakuna gazeti lililoandika kwamba familia imeshindwa siku hiyo. Leo mnataka nililie Alhamisi ya Wamarekani? Mwenye sikukuu aipiganie sikukuu yake.

Mama Nuru
Mdogo wangu, hilo la gauni limeniuma kweli. Lakini usiniambie ni sikukuu ya watu. Watoto wangu wamezaliwa hapa. Na mimi simlilii bata mzinga, hata simpiki. Ndiyo siku pekee katika mwaka mzima ambayo sisi wote, mimi na mume wangu na ndugu zake, hatuna zamu kwa wakati mmoja. Idi ijayo nitafute, kama ungekuwa karibu ningekushikia zamu kwa mikono yangu.

Binti Makunduchi
Ahsante dada. Lakini kushikiwa zamu kwa wema wa mtu siyo haki. Wewe unataka sheria kwa Alhamisi yako, mimi nipewe wema?

Mangi Dallas
Mnabishana bure. Hii sikukuu yenyewe ni ya wenye maduka tangu mwanzo. Rais Roosevelt aliianzisha ili watu wanunue vitu, someni historia.

Nyaboke Atlanta
Hakuianzisha. Rais Lincoln aliitangaza ya kitaifa 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Alichofanya Roosevelt ni 1939: Novemba ile ilikuwa na Alhamisi tano, ya mwisho ikaangukia tarehe 30, wenye maduka wakalalamika kwamba siku za kununua kabla ya Krismasi zimebaki chache. Akairudisha nyuma wiki moja, tarehe 23. Majimbo mengine yakagoma, nchi ikawa na sikukuu mbili. Ndipo mwishoni mwa 1941 sheria ikasema iwe Alhamisi ya nne.

Mangi Dallas
Si ndicho nilichosema? Wenye maduka walilia, rais akahamisha sikukuu ya nchi nzima. Hao ndio mnaotaka wasubiri mpaka saa nne. Na yule aliyekanyagwa mpaka kufa kule California mmemsahau?

Nyaboke Atlanta
Haikuwa California. Ilikuwa Valley Stream, Long Island, jimbo la New York, 28 Novemba 2008, kwenye duka la Walmart. Kibarua wa muda, wamemsimamisha mlangoni, watu wamepanga foleni tangu usiku. Karibu na saa kumi na moja alfajiri umati ukausukuma mlango mpaka ukang'oka, wakampitia juu. Alikuwa na miaka 34. Serikali iliwatoza faini ya dola 7,000.

Papa Bukavu
34 njo myaka ya bibi yangu.

Boksi Houston
Mungu amrehemu. Dola elfu saba kwa roho ya mtu ni dhambi. Lakini tuseme na ukweli wote, foleni ile ni ya nani? Mdau, wewe na wenzako mlioko nyumbani: Novemba ikianza simu yangu haipumui. "Kaka, Black Friday inakuja, usinisahau simu." "Mjomba, laptopu ya shule." Mwaka juzi nilisimama nje kwenye baridi tangu saa saba usiku, nikanunua simu tatu na laptopu moja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Kisha mnakaa Tabata mnatuhukumu kwamba tumepotea.

Mdau Tabata
Mimi sijakuomba simu, usinipakazie. Na kama unalalamika kutuma, acha kutuma, tuliishi kabla yenu. Ninachosema ni hiki: huku mfanyakazi anaheshimiwa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukimfanyisha mtu kazi siku ya sikukuu unamlipa mara mbili kwa kila saa. Huko kwenu nchi tajiri, sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kuongeza hata senti moja kwa siku ya sikukuu. Nani kapotea hapo?

Mangi Dallas
Hilo la senti ni kweli kabisa. Wanaoongezewa wanaongezewa kwa hiari ya mwajiri au mkataba wa chama cha wafanyakazi.

Mama Nuru
Mdau, sheria ni nzuri, naipenda. Sasa niambie inamfikia nani. Kijana anayeuza nguo za watoto Kariakoo mkesha wa Idi mpaka alfajiri, sauti imemkauka, analipwa mara mbili? Nilifanya kazi hiyo kwa shangazi yangu kabla sijaondoka. Nililipwa soda na nauli ya daladala. Na siku hizi wanataka Kariakoo ifanye biashara saa 24.

Mdau Tabata
Kariakoo ni biashara za watu binafsi, huwezi kulinganisha.

Binti Makunduchi
Sheria haikusema biashara za watu binafsi zisamehewe. Wala haikumsamehe anayefanya kazi nyumbani kwa mtu. Kaka Mdau, una dada wa kazi?

Mdau Tabata
Ninaye. Na ni kama mtoto wetu, anakula tunachokula.

Binti Makunduchi
Krismasi iliyopita alilipwa mara mbili?

Mdau Tabata
Nimesema ni mtu wa familia. Familia hailipani ovataimu. Alipata kitenge na viatu.

Boksi Houston
Mtu wa familia siku ya Krismasi anaamka saa ngapi?

Mdau Tabata
Kwa kuwa tunakuwa na wageni, saa kumi na moja. Kuna maandazi, kuna nyama za kuchemsha, mke wangu naye anaamka, msidhani anaachwa peke yake. Mnaongea kama hamkukulia kwenye nyumba zenye dada wa kazi. Ukimruhusu aende kwao Singida tarehe ishirini Desemba, anarudi Februari au harudi kabisa. Mwaka 2019 tulibaki na mtoto mchanga na hakuna msaada, mke wangu karibu apoteze kazi. Hiyo pia ni familia.

Nyaboke Atlanta
Hiyo ya kutorudi naielewa, Kenya ni hivyo hivyo, Desemba watu wa Nairobi wanaomba Mungu msichana arudi. Lakini hujiulizi kwa nini hawarudi?

Mangi Dallas
Mimi kwetu Moshi, Desemba ukoo wote unapanda mlimani kula Krismasi nyumbani, na kila gari linakuja na dada wa kazi amekaa nyuma na mtoto mapajani. Amekuja sikukuu ya kwetu. Ya kwao sijawahi kuisikia. Nimekaa na hili tangu jana.

Mdau Tabata
Sasa imekuwa kesi yangu? Mada ilikuwa maduka ya Marekani.

Papa Bukavu
Mada ni nani anakula na wake siku ya sikukuu. Bibi yangu ametumiwa ratiba leo. Jumatano usiku, Alhamisi usiku, Ijumaa usiku.

Mama Nuru
Pole Papa, mpe salamu zangu. Mdau, sikushambulii. Umewahi kumuuliza huyo binti anataka Krismasi awe wapi?

Mdau Tabata
Sawa. Nimemuuliza usiku huu huu ili tumalize maneno. Amesema mwenyewe kwa mdomo wake anataka kubaki, hana shida yoyote. Hakuna aliyemlazimisha.

Mama Nuru
Mlikuwa mmekaa wapi ulipomuuliza?

Mdau Tabata
Mezani, mimi na mama watoto. Yeye alikuwa anatoa vyombo.