Acheni kuwauzia wenye watoto na wazee Longonot kwa jina la "mlima rahisi"

Wanajamii, nina hasira na sitaificha. Kuna kampuni inayopeleka watu matembezi (jina siliweki hapa) inatangaza Longonot, mlima wa volkano ulio Bonde la Ufa hapa Kenya, kuwa "matembezi mepesi ya familia nzima, mtoto hadi nyanya". Nikalipa kwa M-Pesa, nikawapeleka mke wangu, watoto, mdogo ana miaka sita, na mamangu wa miaka sabini na ushee.

Kufikika, mlima unafikika. Kutoka Nairobi unashuka Mai Mahiu na muda si muda uko langoni. Lakini gari linaishia hapo! Kuanzia langoni ni miguu yako, vumbi la majivu ya volkano linalokutelezesha na makorongo yaliyochimbwa na mvua, halafu mwinuko wa mwisho unasimama kama ukuta. Kama kilomita 3 hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano huko juu. Ukitaka kuuzunguka, ongeza 7.2, na kilele chenyewe, mita 2,776, kiko huko kwenye mzunguko. Maji huko juu hakuna, kivuli ni cha kutafuta.

Wanaopeleka watu kila wikendi wanayajua haya yote. Sasa oneni walivyotufanya. Tuliambiwa safari ni saa kumi na mbili asubuhi. Basi likaja saa tatu kasoro, eti lilikuwa linazunguka mjini kujaza viti. Tukaanza kupanda jua limeshakolea, na maji nusu lita kwa kila mtu, mzee na kijana sawasawa. Mwongozaji akatangulia na vijana wawahi kuzunguka kreta. Nyuma hakuacha mtu. Kwenye hifadhi yenye nyati!

Mamangu aliishiwa nguvu akaketi vumbini, midomo imemkauka. Aliyempa maji ni mwanafunzi wa shule fulani waliokuwa wakishuka. Mtoto wa watu, si mfanyakazi wa kampuni niliyoilipa. Ndani ya ile kreta kumeota msitu mzima, na nilitamani sana auone kwa macho yake. Hakufika.

Nilipompigia mratibu akanijibu kwamba wazee wengine hawana mazoezi. Mamangu huyo, anayelima shamba lake kwa mkono hadi leo!

Nataka pesa za mamangu na za watoto zirudi, na tangazo lile liondolewe. Waandike kilomita, waandike saa za kupanda, waandike kwamba maji unabeba mwenyewe, ili mtu aamue kama atampandisha mzazi wake au atakaa naye kando ya Ziwa Naivasha. Tangu Jumatatu hawashiki simu, na kwenye kundi la WhatsApp wamenitoa.

Kama nawe ulipelekwa hivi, andika hapa chini: mlifika langoni saa ngapi, mlipewa maji kiasi gani, na nani alibaki nyuma na waliochoka. Nayapeleka yote kwa mamlaka inayotoa leseni za utalii.