Kodiani isiuzwe

Shangazi: Jamani za jioni. Kijana anataka kuuza kodiani yake, mwalimu kamwambia hicho si chombo cha kupigia jukwaani na okestra, ahamie piano

Anko: Asiuze!!! Amsikilize Mogens Ellegaard kwanza. Mpiga kodiani wa Denmark huyo, kazaliwa 1935, na alipoanza watunzi wakubwa ilikuwa nadra kuandikia kodiani, ilikuwa zaidi ya kuchezea dansi na vipande vya kuazima kwenye vyombo vingine

Dada: Kwani shida nini Anko, si ina vitufe vingi tu

Anko: Vingi ndio, kushoto kwenye kodiani kubwa ya kawaida viko 120, ila vingi ukibonyeza kimoja zinatoka noti tatu kwa mpigo, zimeshapangwa, wewe huchagui. Ellegaard akashika ile ambayo kila kitufe cha kushoto ni noti moja, kwa hiyo mikono yote miwili ina la kusema, hapo hata Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani, anapigika vizuri

Anko: Na hakukaa kusubiri. 1958 Ole Schmidt akaandika kazi ya kodiani na okestra nzima, Ellegaard akaipiga, baadae Per Nørgård nae akamwandikia, Arne Nordheim pia, halafu kuanzia 1970 akawa anafundisha chuo cha muziki cha kifalme Copenhagen, baadae Graz kule Austria. Kafariki 1995, miaka 60 tu, inauma kwa kweli

Kijana: Shikamoo Anko. Mi mgongo nao unauma, ni nzito

Anko: Marahaba mwanangu. Kaa ukingoni mwa kiti, kaza mikanda ikae kifuani isining'inie, uzito uegemee paja la kushoto. Ushaivaa? Sasa bonyeza kile kitufe cha hewa cha dole gumba la kushoto, usiguse noti yoyote, fungua mvukuto polepole

Kijana: Inapumua

Anko: Eeeh! Hiyo pumzi mtunzi Sofia Gubaidulina aliiweka kwenye De profundis, kazi yake ya kodiani ya 1978, kamwandikia Friedrich Lips, mpiga kodiani Mrusi. Piano haiwezi hiyo hata ufanyeje. Funga sasa, polepole hivyo hivyo

Dada: Mbona kimya

Shangazi: Bado anavuta na kufunga. Naisikia mpaka huku jikoni