Tupeane uzoefu: kubadili gramu kuwa vikombe jikoni

Mwanzisha mada, Ujiji

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu wa kubadili vipimo vya uzito kuwa vya ujazo, kwa sababu maelezo mengi ya mapishi huandikwa kwa gramu, ilhali wengi wetu jikoni tuna kikombe na kijiko tu. Mimi hupika maandazi ya kuuza, na kwa muda mrefu donge langu lilikuwa likitoka gumu siku moja na laini siku nyingine. Nilipopata mizani, nilizamisha kikombe cha mililita 250 ndani ya mfuko wa unga wa ngano, nikapata gramu 160. Kisha nikauchekecha unga uleule, nikaujaza kwa kijiko bila kuushindilia, nikasawazisha ukingo kwa mgongo wa kisu, na kikombe kilekile kikabeba gramu 125. Kwa vikombe vinne tofauti ni gramu 140, yaani zaidi ya kikombe kizima cha unga ambao sikujua kwamba ninauongeza.

Mchangiaji, Tabora mjini

Dada, ahsante kwa mada hii. Kwetu asali ni nyingi, na kosa langu lilitokana na kuidhania kuwa sawa na maji. Maji hayana shida, kwa kuwa mililita moja ni gramu moja, lakini lita moja ya asali huwa na takriban kilo 1.4. Keki ilitaka gramu 250 za asali, nami nikajaza kikombe cha mililita 250, ambacho kwa kweli kilibeba gramu 350 hivi. Ikaungua juu, na nilipoipasua katikati uji mzito ukatiririka juu ya sinia, mbele ya wakwe zangu. Nilipaswa kuishia mililita 180 hivi. Hesabu hiyohiyo inawahusu wanaonunua kwa dumu: dumu la lita 20 la asali lina kilo 28 hivi, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni kama bei ni ya lita au ya kilo.

Mchangiaji, Mwanga, Kigoma

Mawese ni kinyume chake, kwani lita moja ina takriban gramu 900 tu. Kwa sufuria ya nyumbani tofauti hiyo haisumbui, lakini anayepikia shughuli atambue kwamba kilo tano hazitoshi ndani ya dumu la lita tano. Yakiwa yameganda, yayeyusheni kwanza ndipo myapime, maana mabonge huacha nafasi tupu ndani ya kikombe.

Mchangiaji, Urambo, Tabora

Shikamoo mama wa Ujiji. Je, asiye na mizani afanyeje? Kikombe changu ni cha chai, cha bati.

Mwanzisha mada

Marahaba mwanangu. Anza kwa kukijua kikombe chako: chukua chupa ya maji ya nusu lita, na ikijaza vikombe viwili barabara, basi chako ni cha mililita 250. Changu cha zamani kilikuwa kikimeza 300, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sukari ilikuwa ikizidi. Ukishahakikisha, kikombe cha sukari kihesabu gramu 200 na ushee, na cha mchele gramu 200 hivi, kwa hiyo kilo moja ya mchele itakupa vikombe vitano. Hamira usiikadirie kwa jicho. Tumia kijiko cha chai cha mililita 5, kilichosawazishwa, ambacho hubeba gramu tatu hivi.