Kitambi cha Mjomba Saidi: gumzo la kikundi cha ukoo

Kikundi: UKOO MMOJA 💚

Mjomba Saidi: Jamani habari za jioni. Mkanda umefika tundu la mwisho, sasa natafuta msumari nitoboe la kwangu 😂

Zawadi: Shikamoo mjomba. Pole 😂😂

Mjomba Saidi: Marahaba. Pole haipunguzi kitambi, nipeni dawa. Kuna jamaa nimemwona mtandaoni anasema kula chakula halisi tu, kile ambacho kiwanda hakijakigusa. Huna haja ya kuhesabu kalori, njaa huisikii, na kilo zinaondoka zenyewe. Neema yupo? Ananidanganya huyu?

Baraka: Mjomba, kalori ni kalori. Ukila kuliko mwili unavyotumia utanenepa, hata ukila karoti. Mengine mbwembwe.

Zawadi: Nani umemwona amenenepa kwa karoti Baraka?

Mama Baraka: 😂😂 Mjibu mwenzio

Baraka: Ni mfano tu mama

Neema: Nipo, ndiyo natoka kazini. Shikamooni wakubwa. Baraka hesabu zake ni sawa, na huyo wa mtandaoni naye hajapotea sana. Ila Baraka unachukulia kama watu wanakula huku wameshika kalkuleta. Mtu anakula mpaka ashibe. Kwa hiyo cha kuuliza ni chakula gani kinamshibisha mapema, na kipi kinamwacha anaendelea kuchota.

Neema: Kuna utafiti mmoja wa Marekani, wa mwaka 2019, wa Kevin Hall na wenzake kwenye Taasisi za Taifa za Afya. Walichukua watu 20 wakawakalisha humo humo kituoni wiki 4, kula na kulala. Wiki 2 walipewa vyakula vya kiwandani, wiki 2 vyakula vya asili vilivyopikwa pale. Milo yote miwili ilipimwa ifanane kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi, wanga, hata nyuzinyuzi. Wakaambiwa kula unachotaka, bakiza unachotaka.

Baraka: Wakafananishaje nyuzinyuzi? Chakula cha kiwandani hakina nyuzinyuzi za maana.

Neema: Umeliona! Ilibidi wazikoroge kwenye vinywaji, maana kwenye chakula chenyewe hazikutosha 😅

Mjomba Saidi: Mwanangu fika mwisho, nina njaa

Neema: Wakiwa kwenye vyakula vya kiwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku, na wakaongezeka wastani wa kilo 0.9. Wakiwa kwenye vya asili walipungua kilo 0.9. Hakuna aliyewaambia wajinyime.

Mjomba Saidi: Labda vya asili vilikuwa havina ladha, ndiyo maana waliviacha

Neema: Waliulizwa hilo. Utamu walivipa alama karibu sawa. Tofauti iliyoonekana wazi ni mwendo wa kula: vya kiwandani viliteremka haraka zaidi. Ni laini, vimekauka maji, vimejaa nguvu nyingi kwenye tonge dogo. Tumbo linachelewa kupeleka habari kwa ubongo, na wewe sahani umeshaimaliza.

Baraka: Watu 20, wiki 4. Huo ni ushahidi mdogo dada.

Neema: Ni mdogo, sikatai. Ndiyo maana wengine waliendelea. Mwaka 2025 chuo kikuu cha UCL kilichopo London walitoa wao: watu 55, wiki 8 kila upande, chakula kikipelekwa nyumbani kwao. Na hapo pande zote mbili zilifuata mwongozo wa kula vizuri wa Uingereza, yaani hata upande wa kiwandani haukuwa wa soda na peremende. Kwa wastani pande zote mbili walipungua. Upande wa vyakula visivyosindikwa sana walipungua kama asilimia 2 ya uzito, ule mwingine kama asilimia 1.

Baraka: Asilimia 2 kwa miezi miwili. Mjomba utasubiri sana 😂

Mjomba Saidi: Mimi kitambi hiki kimenichukua miaka kukijenga, sina haraka ya kukibomoa

Shangazi Rehema: Nimekaa nawasoma. Neema, viazi je? Kila ninayemuuliza anasema viazi vinanenepesha, niache.

Neema: Shikamoo shangazi. Vya kuchemsha au vya kukaanga?

Shangazi Rehema: Marahaba mama. Vya kuchemsha, mafuta mimi siyawezi.

Neema: Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima vyakula 38 waone kipi kinashibisha zaidi, kila kimoja kwa kipimo kilekile cha kalori. Kilichoongoza ni viazi vya kuchemsha. Vilishibisha zaidi ya mara 3 ya mkate mweupe. Viazi vyenyewe vimejaa maji, vinachukua nafasi tumboni. Ukivikata vyembamba ukavitumbukiza kwenye mafuta, maji yanatoka, mafuta yanaingia, na hapo ndipo vinapopata jina baya.

Neema: Lakini shangazi, wewe una kisukari na unachoma insulini, kwa hiyo yako ni habari nyingine. Viazi vinapandisha sukari, kiasi chake upangiwe. Na hata ukitaka kuacha mikate na biskuti, usianze kabla hujaongea na kliniki yako. Ukipunguza wanga huku dozi iko palepale, sukari inaweza kushuka ghafla. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, unazijua dalili. Na dozi usiipunguze mwenyewe.

Shangazi Rehema: Nazijua sana. Nitawapigia Jumatatu.

Neema: Hata anayetumia vidonge vya kisukari, au vya presha, aulize kwanza. Uzito ukishuka, dawa nazo huwa zinahitaji kuangaliwa upya.

Mama Baraka: Sisi huku soda tuliacha zamani. Nakamua juisi mwenyewe, sukari siweki hata chembe. Hiyo si ya kiwandani, kwa hiyo tuko salama 😌

Neema: Mama mkubwa utanichukia

Mama Baraka: Sema tu

Neema: Glasi moja inakula machungwa mangapi?

Mama Baraka: Matatu. Manne yakiwa madogo.

Neema: Ungepewa machungwa manne uyamenye, ukae uyale na nyama zake, ungeyamaliza?

Mama Baraka: La pili tu ningekuwa nimechoka

Neema: Basi ndiyo hivyo. Mwaka 1977 kuna watafiti walijaribu kwa matufaha: mazima, yaliyopondwa, na juisi, vyote vikiwa na wanga uleule. Juisi ilinyweka mara 11 haraka kuliko kula tufaha zima, na ilishibisha kidogo kuliko vyote. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa 2015, linahesabu sukari ya juisi na ya asali pamoja na ile ya bakuli. Wanataka zote kwa jumla zisizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo.

Mama Baraka: Hata asali?? Hii nayo nyuki wamesindika?

Zawadi: 😂😂😂😂 kiwanda cha nyuki

Mama Baraka: Mashine ya juisi nilinunua mwaka huu jamani

Baraka: Sasa mnaona? Juisi ya kukamua nyumbani, asali, zote za asili na bado zinanenepesha. Turudi kwenye kalori.

Neema: Baraka nakuunga mkono hapo. Na mafuta ya kupikia uyaongeze. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120. Wapo wanaokula maharage, mboga, samaki, hakuna hata pakiti moja jikoni, na mizani haishuki. Ukisimama pembeni yao wakipika unaona chupa inainamishwa moja kwa moja juu ya sufuria na mkono unahesabu mpaka tano. Nao wanasema wameweka "kidogo tu". Chukua kijiko, pima wiki moja, jicho litazoea.

Mama Baraka: Huyu ananisema mimi

Neema: Sijataja jina 🙈

Neema: Karanga na korosho pia. Gramu 30, konzi moja hivi, zina kalori kama 170. Zile nzima angalau unatafuna na mafuta mengine yanapita bila kufyonzwa. Zikishasagwa zikawa siagi, mwili unapata karibu zote. Kula, ila usikae na kopo mbele ya televisheni.

Zawadi: [Picha] Neema niangalizie hii. Biskuti. Mbele wameandika "ASILIA" na "NAFAKA NZIMA", na shuke la ngano kubwa. Nimefungua sasa hivi.

Neema: Geuza nyuma unisomee viungo

Zawadi: Maandishi madogo kama sisimizi, subiri nivae miwani. "Unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, shayiri asilimia 9, sharubati ya glukosi, unga wa whey, chumvi, vichachusho, emulsifaya ya lesithini, ladha."

Neema: Viungo huorodheshwa kwa uzito, kilichozidi kinatangulia. Wa kwanza ni unga wa ngano, hawakuandika kama ni usiokobolewa. Cha pili sukari, halafu sukari inarudi tena mlango wa nyuma kwa jina la sharubati ya glukosi. Hiyo nafaka nzima waliyoichora mbele ni shayiri asilimia 9, na imepangwa nyuma ya mafuta. Na "ladha" ya nini? Hawasemi.

Zawadi: Na nimeinunua kwa ajili ya kupungua mimi 😭

Neema: Mimi huwa natazama kitu kimoja: kwenye hiyo orodha kuna kitu ambacho jikoni kwako hakipo na hutakaa ununue? Emulsifaya (kile kinachoshikanisha mafuta na maji), glukosi, ladha, protini iliyotengwa. Ukiviona vimejipanga hivyo, hicho kimesindikwa kupita kiasi. Mgawanyo wenyewe uliletwa na Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, mwaka 2009. Una makundi 4 na watu wanaubishia mpaka leo. Mkate wa nafaka nzima wa dukani na soda vinaweza kuangukia kundi moja, jambo ambalo hata mimi naliona ni la ajabu. Kwa hiyo utumie kama mwongozo tu.

Zawadi: Na mboga zilizogandishwa? Samaki wa kopo? Maziwa ya pakiti? Mimi narudi nyumbani usiku, sina muda wa kuchambua maharage.

Neema: Vyote hivyo kula. Mboga zilizogandishwa ni mboga. Maharage ya kopo suuza maji yake, chumvi ipungue. Maziwa na mtindi visiwe na sukari ya kuongezwa. Mtu asikutishe kwamba kila kilichofungwa ni sumu.

Mjomba Saidi: Tuache nadharia. Kesho asubuhi nile nini?

Neema: Mayai mawili, mboga ya majani, kipande cha kiazi au uji wa shayiri nzima, na tunda. Chai bila sukari, au anza na nusu ya unayoweka sasa. Mchana jaza nusu ya sahani mboga. Halafu protini isikosekane, iwe maharage, samaki, kuku, dengu, chochote. Hiyo ndiyo inayoshikilia njaa, na mwili wenyewe unatumia nguvu nyingi kuisaga, asilimia 20 mpaka 30 ya nguvu iliyomo. Mafuta ni asilimia 0 mpaka 3 tu.

Baraka: Hapo kwenye protini nakupa tano ✋

Neema: Na mjomba, wiki ya kwanza usije ukaturushia picha ya mizani ukishangilia. Kilo za mwanzo nyingi ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga, na kila gramu 1 ya akiba hiyo inashika kama gramu 3 za maji. Akiba ikipungua maji yanatoka. Baada ya hapo mwendo unapungua, na watu wengi ndipo wanapokata tamaa wakidhani imeacha kufanya kazi.

Neema: Kingine, maharage na mboga uongeze polepole, na maji unywe. Ukivamia kwa siku moja, tumbo litaunguruma na gesi itakuwa ya kutosha.

Shangazi Rehema: Wifi yangu ndiye wa kupewa pole hapo 😂😂

Mjomba Saidi: Dada unanivunjia heshima mbele ya watoto

Mjomba Saidi: Neema, na bia? Nayo ni shayiri.

Neema: 😂 Mjomba! Gramu 1 ya pombe ina kalori 7, mafuta yana 9. Na ukishakunywa mkono unatafuta chipsi.

Mjomba Saidi: Nilijua tu nisingeuliza

Mama Baraka: Haya, Jumapili mnakuja kwangu kula. Nitapika samaki, maharage, mboga na viazi vya kuchemsha. Mafuta atapima Neema kwa kijiko chake. Machungwa mtamenya wenyewe. Soda asilete mtu.

Mjomba Saidi: Nakuja. Zawadi, zile biskuti zako za asilia usizitupe, niletee nionje kabla sijaanza rasmi.

Zawadi: Zipi mjomba? Hizi za kwenye picha?

Zawadi: Zimeisha

Baraka: Pakiti nzima?? Si umefungua sasa hivi?

Zawadi: Nilikuwa nawasoma 🙈