Amplifaya ya wati 2 kufikisha Wi-Fi dukani, mita 150: inaruhusiwa?

mgombani
Wakuu, ruta iko sebuleni, duka liko mita 150 ng'ambo ya migomba. Simu inashika Wi-Fi mpaka getini, mbele ya hapo inakata. Nimepata amplifaya ya wati 2 na antena ya 14 dBi (kipimo cha jinsi antena inavyokusanya nguvu upande mmoja). TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, watanisumbua? Na itafika?

fundi_mlingoti
Achana nayo mkuu. Wati 2 ni 33 dBm (kipimo cha nguvu ya redio). Jumlisha 14 za antena, 47 dBm, sawa na wati 50 kwa upande ule antena inakoelekea. Ulaya mwisho kwa 2.4 GHz ni 20 dBm, antena ikiwemo! Hapa kwetu kifaa sharti kiwe kimeidhinishwa na TCRA, na ukishakichomekea amplifaya si kile kilichopimwa tena.

Na haitakusaidia. Simu itaisikia ruta vizuri, ila yenyewe inajibu kwa miliwati makumi machache tu. Ndiyo ile vipau vimejaa, ukurasa haufunguki.

waya_wa_nje
Chukua jozi ya redio za nje za 5 GHz, zitazamane, kila moja juu ya mlingoti unaopita migomba. Jani la mgomba limejaa maji, linameza mawimbi. Katikati ya njia acha nafasi wazi ya kama mita 1.5 chini ya mstari wa kuonana.

Waya wa mtandao, ambao ndio unaopeleka pia umeme kwenye redio, uwe Cat5e wa nje, shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba unapoteza volti njiani, redio inajizima na kujiwasha na utadhani mbovu. Dukani funga ruta ndogo, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani za mtandao). Kwenye mipangilio weka nchi Tanzania, usidanganye. Kwenye chaneli zinazotumiwa pia na rada, redio hukaa kimya angalau dakika 1 ikisikiliza kabla ya kurusha, usikimbilie kurisiti.

mgombani
Asanteni. Na busta ya laini za simu, ile ya kukuza mawimbi ya mnara?

fundi_mlingoti
Hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, maana inarusha kwenye masafa yaliyolipiwa leseni na kampuni ya simu. Antena ya ndani na ya nje zikisikiana, inavuma kama maiki iliyoelekezwa kwenye spika, na mnara wa mtaa mzima unajaa kelele. Ruta ya 4G yenye tundu la antena ya nje inatosha: antena tupu, haina amplifaya. Waya wake uwe mfupi, maana waya mwembamba wa antena wa RG-58 unakula kama nusu dB hadi dB 1 kila mita, kutegemea masafa.