Naomba ushauri: uratibu wa chama chetu cha vijana mkoani Tanga tuugawe kwa wilaya au kwa njia za mabasi?

Binti wa Makorora:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo.

Mimi ni mratibu wa mkoa wa chama cha vijana wa kujitolea kinachofundisha huduma ya kwanza, utunzaji wa mazingira na uongozi. Hakuna hata mmoja wetu anayelipwa. Ofisi yetu ni chumba kimoja hapa Tanga mjini, na chumba hicho ndicho kinachohudumia matawi ya wilaya zote 8: Tanga yenyewe, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe, Lushoto, Handeni na Kilindi. Makao makuu wametuagiza tupange upya utaratibu huo kabla ya mkutano mkuu wa mkoa, na agizo hilo ni la haki, kwa sababu walio mbali hatuwafikii.

Mwezi uliopita nilifungua kabati la ofisi nikakuta sanduku la huduma ya kwanza lililoandikwa "Songe" kwa kalamu nene. Ndani mlikuwa na bendeji, glavu, na mkasi ambao haujatolewa katika karatasi yake. Juu limetanda vumbi. Lilikuwa limekaa pale miezi mitatu likisubiri mtu wa kwenda Kilindi, na muda wote huo mlezi wa tawi la kule alikuwa akinunua bendeji dukani kwa fedha zake mwenyewe bila kulalamika. Tangu siku hiyo sina amani.

Wapo wanaotaka kila wilaya iwe na kamati kamili ya watu 7. Hesabu yake ni watu 56, nasi Pangani tuna walezi wanne tu. Mimi nafikiria timu tatu zinazofuata njia za magari: ya kwanza Tanga, Mkinga, Muheza na Pangani, ya pili Korogwe na Lushoto, ya tatu Handeni na Kilindi. Hata hivyo wilaya zina waratibu ambao wengine walianza kukitumikia chama kabla sijazaliwa, na sijui nitawaambiaje kwamba nafasi zao zinafutwa. Jambo jingine linalonisumbua ni fedha za safari, kwamba zibaki mkoani au ziende kwenye timu.

Mwalimu Mstaafu, Korogwe:

Marahaba binti yangu. Kabla hujachora mipaka, chukua daftari uandike mambo ambayo matawi yaliwaomba mwaka mzima uliopita. Mimi nilipokuwa mlezi niliona maombi yalikuwa ya namna mbili. Yapo ya vifaa na wakufunzi, na hayo hufuata barabara kama unavyosema. Yapo pia ya barua ya utambulisho, kwa kuwa mkuu wa shule hatakuruhusu kukusanya wanafunzi wake mpaka aone barua ya Afisa Elimu wa halmashauri, na ofisi hiyo haijui habari za timu yako ya njia za mabasi. Usisahau kwamba wilaya ni 8 lakini halmashauri ni 11, maana Korogwe na Handeni kila moja ina halmashauri ya wilaya na ya mji, na ndani ya wilaya ya Lushoto imo pia halmashauri ya Bumbuli. Kwa hiyo tenganisha kazi hizi mbili. Timu zako tatu zishughulikie mafunzo na vifaa, na kila halmashauri iwe na mtu mmoja anayefahamika katika ofisi zake. Kamati ya watu saba kwa kazi ya kupeleka barua ni kuwachosha watu.

Msambaa wa Soni:

Naunga mkono, ila Lushoto isiwekwe chini ya Korogwe. Kutoka Mombo kupanda huku ni kona tupu, na masika yakikolea udongo huporomoka barabarani, kisha mtu wa bondeni anaahirisha safari mara ya kwanza na ya pili, hadi kozi inakufa. Na ukifika Lushoto mjini bado hujafika Mlalo wala Mtae. Wekeni akiba ya vifaa huku juu, na mkufunzi awe mwenyeji. Vikao vya pamoja na wenzetu wa Korogwe vifanyike Mombo, ambako sisi tunateremka na wao wanatufuata.

Mweka Hazina Mstaafu:

Binti, fedha ziende kwenye timu, kiasi kinachojulikana, kila robo mwaka, kwa sababu mtu akiomba nauli Tanga na kujibiwa baada ya wiki mbili, hiyo safari haipo tena. Zisipitie kwenye simu ya mtu mmoja hata awe mwaminifu namna gani. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Bodaboda hatoi risiti, kwa hiyo tengenezeni fomu fupi ya safari ambayo mlezi wa tawi lililotembelewa anaisaini, nayo itakuonyesha pia ni nani hajatembelewa. Halafu someni katiba. Ikiwa inataja kamati za wilaya kwa jina, hamwezi kuzifuta kwa barua ya mratibu. Makao makuu wapitishe marekebisho na kuyawasilisha kwa msajili, na hapo angalieni kama cheti chenu ni cha Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 au cha Sheria ya Jumuiya.

Bi Mkubwa wa Pangani:

Mwanangu, mtu mzima haondolewi kwa barua wala kwa tangazo la mkutanoni. Nenda nyumbani kwake kabla ya mkutano, ufuatane na mzee mwenzake, umweleze. Na hao ndio wanaofahamika katika halmashauri, kwa hiyo ile kazi aliyoitaja Mwalimu iwe yao, kwa jina na kwa heshima. Usiwatungie cheo kisicho na kazi, watajua.

Kijana wa Songe:

Dada, sanduku hilo ni la tawi letu. Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002, na njia yetu bado ni hiyohiyo, kwa hiyo timu ya tatu inatufaa. Ninachoomba ni tarehe. Mtu wa mkoa akisema atafika mwezi wa sita, aseme siku, vijana wanatembea kutoka vijiji vya mbali kuja kumsubiri.

Binti wa Makorora:

Nawashukuru sana. Waratibu wa wilaya nitaanza kuwatembelea Jumamosi, nikianzia Muheza, na Lushoto nimeitenga iwe na timu yake. Kaka wa Songe, nisamehe. Sanduku litaondoka Alhamisi kwa basi la Handeni. Naomba uniambie nani atalipokea pale, nimwandikie jina lake juu.