Nani kawafunza watoto kwamba 91 ni namba tasa?

Jamani walimu wa tuisheni, Unguja na Pemba, hii sasa imezidi. Kuna kikaratasi cha majibu kinazunguka kwa watoto wa skuli za msingi. Kwenye orodha ya namba tasa zimo 1, 51, 57, 87 na 91. Na 2 imefutwa! Eti shufwa haiwi tasa.

Nani kasema witiri ndiyo tasa? Tasa ina vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. 2 inavyo, basi ni tasa, na ndiyo shufwa pekee iliyomo. 1 ina kigawo kimoja, kwa hiyo haimo kwenye tasa wala kwenye zile zenye vigawo zaidi ya viwili.

Chukua nazi 91, zipange safu 7: kila safu nazi 13, haibaki hata moja. Sasa chukua 97. Utahangaika mpaka Magharibi na utaishia na safu moja ndefu.

Namba yoyote chini ya 121 inapimwa kwa 2, 3, 5 na 7, basi. Kama si tasa, ni zao la namba mbili, na lazima moja iwe chini ya 11, maana 11 × 11 tayari ni 121. Kupima kwa 3, jumlisha tarakimu: 51 inatoa 6, 57 inatoa 12, 87 inatoa 15. Zote zinagawanyika kwa 3, kwisha maneno. Kupima kwa 7 ndiko mnakokuruka. Zidisha tarakimu ya mwisho kwa 2, utoe kwenye zilizobaki: 91 inakuwa 9 − 2 = 7, imegawanyika. Au gawanya kwa mkono, nani kakukataza?

Balaa lenyewe liko kwenye mti wa vigawo, ule mchoro wa kuivunja namba mpaka zibaki tasa tupu. Mtoto akifika 91 anaitia duara, kaamini ni tasa. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 39 na 91 anaandika 3549, na jibu ni 3 × 7 × 13 = 273. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) anaandika 1 badala ya 13. Sehemu 39/91 anaiacha vilevile, kumbe ni 3/7. Maswali matatu yamekwenda, na mtoto hesabu zake za kuzidisha zote ni sahihi!

Aliyekitoa kikaratasi akirudishe akirekebishe. Na 119 aigawe kwa 7 kabla hajaenda tena kupiga fotokopi.